Mgongo unaalika, maumivu yanaondoka siku mbili: je, nilipie vikao 24?

"Dokta, shikamoo. Nina miaka 41, naendesha lori la mizigo Dar kwenda Tunduma, huu mwaka wa kumi na tatu. Tangu mwezi wa nne kiuno kinaniuma, na maumivu yanashuka tako la kulia, nyuma ya paja, mpaka upande wa nje wa ugoko. Nikikaa sana kwenye usukani kidole gumba cha mguu kinakufa ganzi. Rafiki alinipeleka kwa mtu wa kairopraktiki, hawa wanaonyoosha mgongo kwa kuusukuma kwa mikono. Nimeshafanya vikao sita, kila kimoja 60,000. Akinilaza ubavu na kunisukuma, mgongo unaalika kra! nainuka mwepesi kama kijana. Siku ya pili au ya tatu, nikifika Mikumi tu, mambo yamerudi. Alinipiga picha akanionyesha pingili mbili za chini, anasema zimehama na mafuta ya katikati yamekwisha, nisipomaliza vikao 24 naweza kupooza. Nikilipa vyote kwa mkupuo ni 1,200,000. Mke wangu anasema ni utapeli, mwenye lori anasema yeye alipona hapo hapo. Halafu nina mjomba, miaka 63, mgongo unamuuma mwezi wa tatu sasa, hasa usiku, na amepungua sana mwili. Nilitaka nikirudi safari hii nimpeleke naye akanyooshwe. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Niweke sawa jina kwanza: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, miaka 19 sasa nashika migongo ya watu. Na swali lako lina wagonjwa wawili. Yule uliyemgusia mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa mlangoni, ndiye aliyenifanya niache chai ikapoa. Acha nianze na yeye.

Mjomba asinyooshwe. Asinyooshwe huko kliniki, asikandwe na mtu wa mtaani, asipigwe chuku, wala mjukuu asipande mgongoni kumkanyaga, mpaka awe ameonwa na daktari hospitalini. Na iwe wiki hii, isingoje urudi kutoka Tunduma. Mtu wa umri wake ambaye mgongo unamuuma zaidi akiwa amelala, na mwili unapungua bila yeye kujinyima kula, huyo hatumhesabu tena kwenye kundi la misuli iliyokaza. Kwetu huku kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Najua utaniuliza: mbona hakohoi? Wengi wao hawakohoi. Vijidudu husafiri kwa damu, pengine miaka mingi baada ya mtu kuambukizwa, vikatua kwenye pingili na kuila taratibu kutoka ndani. Umewahi kuona punje ya hindi lililobunguliwa: kwa nje nzima, ukiibinya inakuwa unga. Sasa fikiria mtu mzima mwenye nguvu zake anaweka uzito wote juu ya pingili ya namna hiyo na kuisukuma kwa ghafla. Hapo ndipo neno "kupooza" linapokuwa na maana yake kamili.

Jambo la pili, kwa mwanamume wa miaka 63, ni saratani ya tezi dume, ambayo ikisambaa hupenda sana mifupa ya mgongo na nyonga. Mkifika kwa daktari msianze na hadithi ndefu. Mwambieni: miezi mitatu, usiku, amepungua mwili. Kama kuna homa za jioni au jasho linalolowesha shuka, semeni na hilo. Tegemeeni kuombwa picha ya kifua na ya mgongo, vipimo vya damu, kipimo cha VVU na kile cha tezi dume wanachokiita PSA. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na kikiwahiwa mgonjwa hutembea vizuri tu. Ikionekana ni mgongo wa utu uzima wa kawaida, mtacheka njia nzima mkirudi nyumbani, na mimi nitafurahi kuonekana mwoga.

Sasa wewe.

Unataka kujua nani yuko sahihi, mkeo au mwenye lori. Wote wawili wameshika kipande. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, hukurogwa wala hukujidanganya. Maelezo uliyopewa juu ya nafuu hiyo ndiyo yenye kasoro, na bei ya vikao 24 imejengwa juu ya maelezo, haikujengwa juu ya nafuu.

Nasema ni ya kweli kwa sababu nami nimelala kwenye kitanda kile. Mwaka 2016 nilikuwa namhamisha mgonjwa mzito kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Nilifanya kosa lile lile ninalowakataza wanafunzi wangu kila siku, nikasikia kama kamba imekatika kiunoni. Kwa siku nane mwanangu wa darasa la tatu ndiye aliyenivalisha soksi. Wiki iliyofuata nilikuwa na semina Nairobi, na mwenzangu mmoja akanivuta kwa mtaalamu wa kairopraktiki anayemfahamu. Nilikwenda nimenuna, kwa kiburi cha mtu wa fani. Yule bwana alinihoji karibu nusu saa kabla ya kunigusa. Alinigonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza kwa visigino, akaniuliza habari za mkojo. Kisha akanilaza ubavu, akakunja goti langu la juu, mkono mmoja begani, mwingine nyongani. "Vuta pumzi. Itoe." Kra! Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka kwa sauti kama mtoto aliyetekenywa, na nilipoinuka nilifunga kamba za viatu mwenyewe.

Siku ya tatu maumivu yakarudi, kama nusu yake. Nilimpigia simu kumlalamikia. Aliniuliza swali moja tu: "Umetembea?" Sikuwa nimetembea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini tangu asubuhi hadi saa kumi, siku tatu mfululizo. Huyo bwana alinishika mara tatu kwa jumla, akaniambia nisirudi, niende nikafanye mazoezi. Shika hiyo namba tatu, tutaihitaji tukifika kwenye pesa zako.

Tuje kwenye ule mlio, maana ndio unaowateka watu, hasa hizi video za simu ambapo kipaza sauti kimewekwa karibu na mgongo. Hebu alisha kidole chako cha kati sasa hivi. Kimelia? Kialishe tena. Hakilii, na hakitalia mpaka zipite kama dakika 20. Kama mlio ungekuwa ni mfupa kurudi mahali pake, basi kidole chako kingekuwa kinahama na kurudi kutwa nzima. Ndani ya kiungo kuna ute wa kulainisha. Kikivutwa kwa ghafla, nafasi inapanuka, shinikizo kwenye ule ute linashuka, na tundu la gesi linajitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walirekodi kwa mashine ya MRI vidole vikialishwa, wakaliona tundu lenyewe likizuka pale pale sauti inapotoka. Hewa tu, ndugu yangu. Mlio hauna madhara, na pia hauthibitishi kitu. Kuna mgonjwa atakayepata nafuu bila mlio, na mwingine ataalika kama fataki za sikukuu na asione tofauti.

Na hiyo habari ya pingili kuhama ina historia yake. Mwaka 1895, mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu kwa sumaku, alimsukuma pingili mfanyausafi wa jengo alilokuwa na ofisi, Harvey Lillard, mtu aliyekuwa hasikii vizuri kwa miaka mingi. Ikasemwa kwamba kusikia kukarudi. Palmer akajenga juu ya tukio hilo nadharia kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizokaa upande na kubana mishipa ya fahamu, na miaka miwili baadaye akafungua chuo. Ubaya ni kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia hautii mguu kwenye uti wa mgongo. Unatoka sikioni kuingia kwenye ubongo moja kwa moja, ndani ya fuvu.

Fani yenyewe imetembea mbali tangu hapo. Uingereza, ambako wataalamu hawa wana sheria yao tangu 1994, baraza linalowasimamia lilitamka mwaka 2010 kwamba dhana ile ya pingili kukaa upande ni ya kihistoria, na kwamba hakuna utafiti unaoruhusu kudai kuwa ndiyo chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo nikikwambia pingili zako hazikuhama siwatukani. Wapo wenyewe wengi wanaosema hivyo. Pingili za kiuno zimefungwa kwa kano nene na misuli mikubwa, na hazitoki kwa sababu umelala vibaya au umepiga shimo pale Kitonga. Kuna ugonjwa halisi wa pingili kuteleza mbele ya mwenzake, huo unapimwa kwenye picha kwa milimita, na hauwezi kurudishwa kwa mikono. Kama angekuwa ameuona huo, asingepaswa kukusukuma kwa nguvu bila kukueleza.

Sasa kama hakuna kilichorudishwa, kwa nini uliinuka mwepesi? Kwa sababu maumivu ya mgongo kwa sehemu kubwa ni kazi ya ulinzi. Eneo likiudhika, uti wa mgongo na ubongo vinaamuru misuli ikaze na king'ora kilie hata kwa jambo dogo. Ule msukumo wa haraka unaivuta misuli kwa ghafla na kumimina taarifa nyingi mpya kwenye mishipa ya fahamu. Kwa muda, king'ora kinashushwa sauti na misuli inaachia. Ongeza na hili: umesikilizwa, umeguswa na mtu anayejiamini, umelipa pesa na una matumaini. Hayo nayo yanatuliza maumivu, na usiyadharau, mimi mwenyewe nayatumia kazini kila siku. Lakini king'ora kilichoshushwa sauti hakijaondoa kilichokiwasha. Unarudi kwenye usukani kwa muda wa saa sita, saa nane, na kinawaka tena. Ndiyo maana ni Mikumi.

Kuhusu picha, hapa nataka utulie unisome polepole, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokuumiza kuliko lori. "Mafuta yamekwisha" maana yake ni kwamba diski zako, ile mito iliyo kati ya pingili na pingili, zimepungua maji na kimo. Mwaka 2015 yalichapishwa majumuisho ya tafiti zilizopiga picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 40, umri wako huo, 68 kwa kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 50 kwa kila 100 diski zilizotuna. Watu wazima wanaocheza mpira jioni na kupalilia shamba! Ni mvi za ndani. Nikimpiga picha mwenye lori wako leo, huenda yake ikawa mbaya kuliko yako. Picha haidanganyi, ila mtu anaweza kuisoma kwa namna ya kukutia hofu, na mtu mwenye hofu hutembea kama amebeba mayai, misuli ikazidi kukaza, maumivu yakazidi. Nimewaona wengi walioumizwa na sentensi moja ya mtu mwenye koti jeupe, na naogopa nami zamani niliwahi kuisema.

Mwenye lori je? Alipona, namwamini. Mgongo mwingi unaouma kwa kawaida hupoa wenyewe ndani ya wiki chache, na mtu huenda kutibiwa siku ambayo umemzidia kabisa, yaani siku ambayo hauna pa kwenda ila kushuka. Atakayekuwa amemshika wakati huo ndiye atakayepewa sifa, awe mtaalamu, awe mkandaji, awe bibi mwenye mafuta ya mnyonyo. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu mmoja, wangu ukiwamo, hautoshi, na ikabidi watu wapangwe kwenye makundi na kulinganishwa. Limefanyika hilo mara nyingi. Majumuisho ya tafiti 47 yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kusukumwa pingili kunasaidia kiasi kile kile ambacho mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa zinasaidia. Haikuzidi, haikupungua. Majumuisho mengine ya 2017, ya maumivu mapya, yalipata nafuu ya kama alama 10 kwenye kipimo cha 100. Ni kitu, lakini ni kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023, limeiweka tiba hii kati ya zile zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, elimu na kukandwa, na likashauri mikanda ya kiunoni isitolewe kama tiba ya kawaida. Nadhani huo mkanda unao. Karibu kila dereva anao.

Ila wewe una jambo la ziada, nalo ni mguu. Maumivu yanayofuata mstari mpaka ugokoni na ganzi kwenye kidole gumba yanaashiria kwamba mzizi wa mshipa wa fahamu, ule unaotokea chini kabisa ya kiuno, unasumbuliwa, na mara nyingi msumbufu ni diski. Diski ni kifuko: nje nyuzi zilizopishana tabaka kwa tabaka kama mkeka, ndani kitu laini kama nyama ya dafu changa. Tabaka zikilegea, ile nyama inatuna au inapenya nyuma, inauchokoza mshipa. Watu huniambia "diski imechomoka, irudishwe." Hairudishwi kwa kusukumwa. Habari njema ni kwamba mwili wenyewe hukitambua kile kipande kama mgeni na kukila taratibu; diski nyingi zilizopenya husinyaa zenyewe kwa miezi, na wengi wenye maumivu ya namna yako hupona bila kisu. Tangu mwezi wa nne ni muda mrefu kidogo, lakini haujatoka kwenye uwanja wa matumaini.

Leo usiku, kabla hujalala, vua viatu utembee hatua kumi kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu, halafu kumi kwa vidole. Angalia mguu wa kulia unaangusha vidole au unashindwa kujiinua kuliko wa kushoto. Ukishindwa, usirudi tena kulazwa ubavu na kusukumwa. Nenda hospitali ya mkoa au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ukapimwe. Na kama siku yoyote sehemu inayokalia tandiko la baiskeli ikafa ganzi, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila wewe kujua, choo kikakuponyoka, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, hiyo ni dharura ya saa, haisubiri hata kesho. Kabidhi lori kwa utingo, panda gari lolote uende hospitali kubwa iliyo karibu. Mizizi ya chini ya uti wa mgongo ikibanwa kiasi hicho, kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kurudi ulivyokuwa. Hali hii ni nadra sana, ila nimeiona mara mbili, kwa madereva waliosema "acha nishushe mzigo kwanza."

Kama unatembea vizuri kwa visigino, basi tuzungumzie lori, kwa sababu tiba yako kubwa iko huko.

Nilipanda lori na mgonjwa wangu mmoja kutoka Chalinze mpaka Morogoro, kwa makusudi tu ya kuona anavyokaa. Waleti nene kama tofali mfuko wa nyuma, tako moja juu, moja chini. Kiti kimerudishwa nyuma mpaka anaufikia klachi kwa kunyoosha kiuno. Tulipofika, aliruka chini kutoka kabini, futi nne hivi, akaenda moja kwa moja kukaza mikanda ya turubai, akijipinda na kuvuta kwa nguvu zote. Pale ndipo nilipopata jibu ambalo picha zake zote hazikunipa. Baada ya saa kadhaa za kukaa umejikunja huku injini na barabara vinakutikisa, kano za nyuma ya mgongo zimevutika na misuli inachelewa kuitika. Zinahitaji dakika chache kurudi kwenye hali yake. Kuupa mgongo huo kazi ya turubai au tairi dakika hiyo hiyo ni kama kuikimbiza mlimani injini ambayo bado ni baridi.

Kwa hiyo waleti itoke mfukoni leo. Kiti kisogee mbele mpaka goti libaki limekunjika kidogo ukikanyaga klachi mpaka mwisho, na khanga iliyokunjwa iingie kwenye kile kibonde cha kiuno. Kila baada ya saa mbili simama. Unajua sehemu zenyewe kuliko mimi. Shuka ukiwa umeitazama kabini, mikono yote miwili na mguu mmoja vimeshika, usiruke. Zunguka lori mara tano kwa mwendo wa kawaida, na matairi utakuwa umeyakagua bure. Ndipo uguse turubai. Kutembea nakusisitizia kwa sababu kuna ushahidi wake: huko Australia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno waligawanywa, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Waliopangiwa kutembea na kupewa elimu walikaa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wale ambao hawakupangiwa chochote, siku 112. Na kutembea hakuna risiti.

Jioni tandika mkeka ulale kifudifudi. Dakika mbili tulia tu. Kisha jiinue kwa viwiko, kama mtu anayesoma gazeti chini, kaa hapo dakika moja, shuka, rudia mara kadhaa. Sasa sikiliza kwa makini, maana watu hukosea hapa: usiangalie maumivu yameongezeka au la, angalia yanaelekea wapi. Yakitoka ugokoni yakapanda pajani, yakatoka pajani yakajikusanya kiunoni, endelea, hata kama kiuno kinalalamika kidogo. Yakishuka chini zaidi mguuni, acha mara moja, mwendo huo si wako, tafuta mtu wa fiziotherapia akutafutie mwingine. Vikao viwili vitatu kwenye hospitali ya mkoa vitakutosha kujifunza.

Na kliniki? Sikukatazi kwenda. Ukiona kusukumwa kunakupa siku mbili za nafuu, zitumie hizo siku mbili kutembea na kufanya lile la mkeka. Lakini usilipe vikao 24 kwa mkupuo. Umeshafanya sita, mara mbili ya zile tatu zangu za Nairobi, na sita ni kipimo cha haki kwa tiba yoyote ya mikono. Kama baada ya sita nafuu bado inaishia siku ile ile ya pili, cha saba mpaka cha ishirini na nne havitabadilisha hesabu. Mtaalamu mzuri wa fani hii, na wapo, atakupima mguu kabla ya mgongo, atakuambia lini mtaacha, na atakufundisha kitu cha kufanya mwenyewe. Muulize amesoma wapi na amesajiliwa na nani. Akikujibu kwa kukutisha tena habari ya kupooza, chukua picha yako, ni mali yako, uiage kliniki kwa heshima.

Kwa bahati hukusema habari ya shingo, lakini nitachomekea, maana najua vinyozi wetu: amemaliza kukunyoa, amekupaka spiriti, anakukanda mabega, halafu bila kuuliza anakupindua kichwa, kra, kra, kulia na kushoto. Mkatalie. Kwenye mifupa ya shingo inapita mishipa ya damu inayolisha ubongo, na mpinduko wa ghafla unaweza, mara chache sana, kuichana kwa ndani na kuleta kiharusi. Mimi kinyozi wangu alinikasirikia wiki nzima.

Vidonge vya diklofenaki unavyovinunua njiani, najua unavinunua, visiwe chakula cha kila siku, hasa kama una vidonda vya tumbo au presha. Figo na tumbo vinalipa polepole. Siku mbaya moja mbili, baada ya kula, sawa.

Jipe wiki sita za kutembea na mkeka. Andika kwenye kidaftari cha safari, pale pale unapoandika mafuta, maumivu yamefika wapi mguuni ukifika Mikumi, Iringa na Makambako. Kama baada ya wiki sita ganzi haijapungua, njoo na hicho kidaftari na ile picha tukae pamoja. Ila kabla ya yote hayo, niandikie majibu ya mjomba.